Usiku wa muziki Kalundu: kwa nini tuliupanga, na nini kilitoka

Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya komite mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Kalundu. Tunayaandika hapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu walio mbali.



Kazi tuliyopewa leo ni kueleza ule usiku wa muziki. Wengi wenu mulikuwapo na mulicheza. Wengine hamukuja, na wengine mumekasirika, tunajua, maana mumetuambia njiani na sokoni. Munauliza: chama kinachozika watu wake, kinacholipa lopitalo, kinachosaidia minervale ya yatima, kilitafuta nini ndani ya buveti na gitare? Hilo ni swali la haki. Feza ni yenu. Tutajibu pole pole, tangu mwanzo, na hesabu yote imebandikwa kwenye mlango wa ofisi. Mwenye kutaka ataisoma akitoka hapa.

Kwanza tukumbushane sisi ni nani, juu ya wale wafadhili ambao hawajafika Uvira. Wengi wetu tulivuka ziwa mwezi wa kumi mwaka 1996, vita ilipoingia huku. Tulivuka kwa mitumbwi, kwa maboti ya kupakia mizigo, kwa chochote kilichoelea. Kigoma walitupokea, wakatupeleka Nyarugusu, na mwaka 1997 wakafungua Lugufu. Mwaka ule ule wa 1997 meli Liemba ilitumiwa kurudisha watu upande huu. Kati yetu wako waliorudi nayo, wakafyeka mashamba, na mwezi wa nane 1998 wakakimbia tena. Wengine hawakufika Tanzania kamwe, walikuwa Burundi, wakarudi kwa mguu kupitia Kavimvira. Toka mwaka 2005 HCR ilianza kurudisha watu kwa meli kutoka Kigoma, na Lugufu yenyewe ilifungwa mwaka 2009. Lakini Nyarugusu iko mpaka leo, na mule tuko na ndugu ambao hawajatoka. Kwa hiyo mutu akisema "waliorudi", asifikiri tulirudi siku moja. Tulirudi kwa vipande.

Na tulipofika, tulikuta watu. Hilo munalijua. Tulikuta wale waliobaki. Parseli nyingine zilikuwa na wakaaji, mashamba mengine yalikuwa yamelimwa na mikono isiyo yetu. Sisi tulipewa mabati na sufuria juu tulikuwa na karatasi ya HCR. Jirani aliyelala porini mara ngapi hakupewa kitu, juu yeye hakuvuka maji. Ndiyo tukaanza kusikia lile neno: "Shiye tulibakiaka hapa na masasi, nyiye mulikuwa munakula mahindi ya HCR." Na sisi wengine tukajibu vibaya. Tukasema kwamba mahindi yale tuliyapanga mustari juani, kwamba tuliacha makaburi mule kambini. Wote tulikuwa na haki, na wote tulilala na hasira.

Hata kinywa chetu kilitusaliti. Kwa miaka mingi ya kambi tulijifunza kusema "dagaa". Ukifika hapa Kalundu, ukamwambia mama wa pwani "naomba dagaa", anacheka, anaita wenzake: "Mukuje muone, mu-Tanzania amefika!" Hapa ni ndagala. Samaki ni yule yule, ziwa ni lile lile, lakini neno moja linatosha kuonyesha ulikuwa wapi wakati wenzako walikuwa hapa.

Na nyimbo ni hivyo hivyo. Sikilizeni hili vizuri, ndilo lililotufanya tufikirie muziki. Wenge Musica ilipogawanyika mwaka 1997, hapa Uvira vijana waligawanyika nayo: huyu wa JB Mpiana, huyu wa Werrason. Walibishana mpaka kupigana, wanatuambia, na masasi yalikuwa hayajanyamaza. Sisi wakati ule tulikuwa tunakata nyasi za kuezeka Lugufu. Hatukujua habari ile. Kijana wetu aliyekulia kambini alikua na redio za Tanzania: muziki wa dansi, Twanga Pepeta, FM Academia, kiisha Bongo Fleva. Sasa weka hao wawili kwenye harusi moja Kalundu. Wimbo ukipigwa, upande mmoja unasimama na kuimba kila neno, upande wa pili unatazama sahani. Ukibadilisha, ni vile vile, wa kwanza wanakaa. Tuliona hayo kwenye harusi na matanga ya watoto wetu miaka na miaka. Wakati mulipokuwa mbali unaonekana pale kwenye kiwanja cha kucheza kuliko kwenye karatasi yoyote.

Basi, tufike kwenye shida yenyewe. Munajua ziwa limetufanya nini. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 ilikuwa mito: Mulongwe ilishuka na mawe ya mlimani, ikabeba nyumba na watu wa Uvira. Kiisha ziwa lenyewe likapanda, mwaka ule na uliofuata, na tena mwaka 2024. Sisi tunakaa kwenye ukanda mwembamba. Nyuma mlima, mbele maji. Mlima unasukuma, na ziwa linasukuma. Mwanachama mwenzetu mmoja, mama mjane, ambaye jina lake hatuandiki hapa juu ya heshima yake, maji yaliingia kwake kwanza uani, kiisha jikoni, kiisha kitandani. Akahamia kwa dada yake na watoto. Mabati yake yalikuwa bado mazima juu ya nyumba ambayo miguu yake iko ndani ya maji. Alituomba kitu kimoja tu: tumsaidie kushusha yale mabati na miti, na kumjengea juu kidogo, kabla watu hawajayang'oa usiku.

Kasha halikuwa na kitu. Miezi mitatu ilikuwa ya matanga tu. Michango ya mwezi ilikuwa inakwisha kabla mwezi haujaisha, na mukumbuke, anayechanga ni yule yule anayezamishwa. Pale ndipo vijana walileta shauri: tupige muziki, watu walipe kiingilio, feza yote iende kwa mama huyu. Wako na gitare mbili, wako na wazee wawili waliopiga muziki kambini, wataongeza ngoma.

Komite ilibishana siku mbili. Tuseme wazi mabisho yalikuwa yapi, maana ndiyo yale yale munayotuletea leo.

La kwanza: feza. Walisema, utatumia feza kutafuta feza, na ukipoteza utamjibu nini mjane? Tulikubali kwamba chama hakitatoa hata franka moja kwenye kasha la matanga. Vyombo vitaazimwa. Mwenye kufanya kazi siku ile, atafanya bure. Kama watu hawatakuja, tutakuwa tumepoteza jioni moja, si mfuko.

La pili: pombe. Wamama wa kanisa walisema, na walisema kweli, kwamba buveti si mahali pa kuomba baraka. Hapo tulikuwa na bahati ya ajabu, maana bafle nzuri katika katiye hii ni za kanisa. Tulikwenda kuomba. Walitupa kwa sharti: kabla ya saa mbili ya usiku mwenye buveti auze fanta na chai tu, wanakwaya waimbe kwanza, na bafle zirudi kabla ya ibada ya asubuhi zikiwa kavu. Mwenye buveti, naye ni mama wa hapa hapa, hakukimbia vita ile, alifikiri kidogo, akasema: "Sawa. Lakini maandazi njo yangu." Wakakubaliana. Ndivyo kanisa na buveti walivyopiga mkono, na sisi katikati tukiwa mashahidi.

La tatu lilikuwa zito zaidi. Mzee mmoja alisema: "Tuko na maiti wengi. Mutu anacheza namna gani mwaka kama huu?" Hakuna aliyemjibu mara moja. Kiisha mama mmoja akamwambia kwamba Lugufu, ule mwaka wa kipindupindu, jioni watu walikuwa wanapiga ngoma kwenye blok, na yeye mwenyewe mzee alikuwa anapiga. Mzee akanyamaza. Akasema: "Nilikuwa napiga." Siku ile ya muziki alikuja na kiti chake.

Sasa siku. Nyiye wa Kalundu munajua, wafadhili wetu pengine hawajui: ndagala wanavuliwa usiku kwa taa, na taa inavuta samaki kama giza liko. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga unaenea kwenye maji yote, taa ya mvuvi haina kazi, na wavuvi wanakaa nchi kavu karibu wiki nzima wakishona nyavu. Tulichagua usiku wa mwezi mkubwa kwa sababu mbili. Moja, wavuvi wangekuwapo, na Kalundu bila wavuvi ni nusu ya Kalundu. Mbili, watu wangerudi nyumbani wakiona njia. Shefu alipewa barua wiki mbili mbele. Tulipanga kuanza saa kumi na mbili na kumaliza saa nne kamili, na kila avenyu irudi pamoja, kundi kundi, mutu asitembee peke yake. Kiingilio franka 2,000, mzee na mtoto bure. Mwenye kukosa feza alete muti mmoja wa kujengea au kamba. Miti kumi na saba iliingia kwa njia ile, tuliihesabu.

Jioni ilianza vizuri. Kwaya iliimba. Kiisha vijana wakashika gitare. Tuseme ukweli, mwanzo watu walikaa vile tunavyokaaka: waliorudi upande wa ukuta, waliobaki upande wa barabara. Vijana walipiga wimbo wa upande huu, wakapiga wa upande ule, na kila mara nusu ya nyumba ilisimama na nusu ikakaa. Ilikuwa harusi zetu zile zile. Tulianza kufikiri kwamba tutapata feza ya mjane, na hiyo tu.

Karibu saa mbili na nusu umeme ukakatika. Bafle kimya. Mtu mmoja akaanza kusema turudishe kiingilio. Hapo wale wazee wawili wa gitare walicheka. Walisema: "Nani alikuwa na umeme Lugufu?" Vijana wengi hapa hawajui mambo haya, acha tueleze. Kambini gitare ilikuwa inatengenezwa kwa ubao na bati, nyuzi zilikuwa waya wa breki ya baiskeli zilizofumuliwa, na kama ulitaka sauti kubwa ulifungua redio ya kaseti, ukaingiza waya mahali panapostahili, redio ikawa ampli. Ulichohitaji ni batri tu. Wazee walisema: tuleteeni redio, tuleteeni batri, mambo yanaendelea.

Redio ilipatikana kwa mwenye buveti. Batri je? Mvuvi mmoja aliyesimama mlangoni, mutu wa hapa, wa wale waliobaki, akasema: "Batri za taa zangu ziko zinalala. Mwezi iko mukubwa." Akaenda na wenzake pwani. Walirudi na batri nne mabegani, zile za kuwashia taa za mtumbwi, zikiwa na harufu ya samaki. Fundi wetu, kijana aliyejifunza kutengeneza redio Nyarugusu, aliunganisha nyaya kwa mwanga wa simu. Ilichukua kama nusu saa. Na wakati ule wa kungoja hakuna aliyekwenda nyumbani. Watu walitoka ukutani, wakatoka barabarani, wakazunguka meza moja kumtazama fundi. Wavuvi walikuwa wanamwonyesha waya gani ni wa moto, yeye anawaonyesha redio inafunguliwa wapi.

Sauti ilirudi ndogo. Haikuwa ya bafle. Na juu ilikuwa ndogo, ilibidi watu wasogee. Mzee akapiga gitare kavu, mtindo wa zamani, ule wa Katanga wa vidole viwili, ambao Mwenda Jean Bosco aliujulisha dunia katika miaka ya 1950. Ule mtindo si wa waliorudi na si wa waliobaki. Ni wa babu zetu wote, kabla ya vita yoyote kati ya hizi. Wazee walijua. Wamama wenye umri wakaanza kupiga makofi, kiisha mmoja akaanza kuimba Kivira, mwingine akajibu Kibembe, mwingine Kifuliiru, na vijana hawakujua maneno ya upande wowote, kwa hiyo wote walikuwa sawa, wote wanajifunza. Mzee wa kiti alipewa ngoma. Saa nne tulifunga kama tulivyoahidi. Bafle za kanisa zilirudi kavu.

Sasa, nini kilitoka? Tujibu kama watu wa hesabu.

Mama mjane amehama. Mabati yameshushwa yote, nyumba imesimama juu ya barabara, kuta za miti na udongo, mlango mmoja na dirisha mbili. Miti kumi na saba ya kiingilio imo ndani yake. Wavuvi watatu walikuja kusaidia kufunga paa, na hatukuwaita. Feza iliyobaki, si nyingi, iliingia kwenye kasha la matanga, na hivi muziki umelipa kasha ambalo lilikuwa linaogopa muziki.

Kijana fundi anapata kazi. Wavuvi wanamletea taa na batri za kutengeneza. Zamani walikuwa wanazipeleka mbali, na hawakujua kwamba hapa avenyu ya tatu iko mutu anayejua. Alikuwa hapa miaka yote hiyo.

Na sasa tuseme ambalo halikutoka, maana mfadhili akidanganywa mara moja hasaidii mara ya pili. Muziki haukumaliza kesi ya parseli hata moja. Familia mbili zenye kesi zilikuwapo usiku ule, moja ya waliorudi, moja ya waliobaki, na zilikunywa chai kwenye benchi moja, na asubuhi yake kesi ilikuwa pale pale. Ile ni kazi ya karatasi, ya mashahidi, ya wazee wa mipaka, na sisi hatutaki mutu aandike kwamba gitare inatosha. Kitu kimoja kimebadilika: zamani walikuwa wanatuma watoto kubeba maneno, sasa wababa wenyewe wamekubali kukaa mbele ya komite, na tarehe imewekwa. Kidogo, lakini tumengoja kidogo hicho miaka mingi.

Ndiyo sababu tunaleta shauri mbele yenu. Tunataka usiku wa muziki uwe kila miezi mitatu, kwenye mwezi mkubwa, na kila mara uwe na jina la mwanachama mmoja mwenye shida. Na tunataka vyombo viwe vya chama.

Hilo la vyombo tulieleze kwa mfano, maana sisi si wa kwanza kuvuka ziwa hili na gitare. Katika miaka ya 1970 wanamuziki wengi wa Kongo walikwenda Tanzania. Remmy Ongala, mwana wa Kindu, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kiisha akajulikana na Super Matimila, akaimba Kiswahili kwa ajili ya maskini mpaka watu wakamwita Dokta. Alifariki huko huko Desemba 2010. Kazi yake ilikuwa kubwa. Lakini desturi ya bendi nyingi za mji ule ilikuwa hii: vyombo ni vya tajiri. Mwanamuziki akigombana na tajiri, anatoka mikono mitupu, hata awe na jina namna gani. Orchestra Maquis, hao nao walitoka kwetu, upande wa Katanga, walifikiri njia nyingine. Waliunda kampuni yao wenyewe, wakaiita OMACO, ili kazi na mali ya orkestre iwe ya wanamuziki. Wageni katika nchi ya watu, wakasimama kwa kushikana. Hiyo ni mituelle, sawa na ya kwetu.

Basi sisi tunasema: gitare, ampli, ngoma, nyaya, vyote viandikwe kwenye kitabu cha chama. Mutu asibebe kwake bila kutia sahihi. Komite ya vyombo iwe ya watu wanne, wawili waliorudi na wawili waliobaki, na mmoja wao awe mvuvi, maana batri ni zao. Tunajua watu watauliza: waliobaki wanaingiaje kwenye chama cha waliorudi? Tunajibu hivi: maji yalipopanda hayakuuliza nani aliwahi kuvuka.

Kwa wafadhili wetu tuko na maneno matatu, na tunayasema kwa heshima, maana bila nyinyi wengi wetu hatungekuwa na paa.

Tunaomba kwanza muturuhusu kuwa na mustari mmoja katika bajeti unaoitwa muziki. Mara nyingi barua za msaada zinataja mabati, mbegu, nyavu. Ni vizuri, tunavihitaji. Lakini mutu aliyerudi anahitaji pia kukaa na jirani jioni bila kesi, na jambo hilo halina kolone kwenye fomu zenu. Tunaomba kolone ndogo.

Pili, musitutumie vyombo kutoka Ulaya. Gitare ya kigeni uzi wake ukikatika hapa, imekuwa mapambo. Tuwezesheni kununua ampli ya batri ambayo fundi wetu anaweza kuifungua, na nyuzi tuzitafute Bujumbura au Kigoma, ambako maboti yetu yanafika. Mwaka 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na sisi tulifurahi sana. Lakini uzi wa gitare bado ni wa kununua.

Tatu, mukija kututembelea, musije na kamera peke yake. Njooni kwenye mwezi mkubwa, mulipe kiingilio kama sisi, au mulete muti mmoja.

Kwa wanachama wenzetu: tunaomba kila familia ichange franka 500 kwa mwezi kwa vyombo, mbali na mchango wa matanga, na mwenye kukosa asione haya, aje kusaidia kubeba viti. Tunaomba wamama wa kanisa mukae nasi kwenye komite, maana sharti lenu la saa mbili ndilo lililofanya watoto waweze kuja. Tunaomba wazee munaojua nyimbo za zamani mukubali kukaa na vijana jioni mbili kwa wiki. Wazee wa gitare tulionao ni wawili tu, na hawarudi kuwa vijana. Nyimbo zile hazikuandikwa popote; zilivuka ziwa mara mbili ndani ya vichwa vya watu, na vichwa vile vimezeeka.

Na kwa vijana: tunajua bandarini kazi ni chache, na tunajua ni nani wanawaita usiku na wanawaahidi nini. Mazoezi yanaanza Jumanne na Alhamisi, saa kumi, uani kwa mwenye buveti. Mutu asiyejua kupiga atajifunza kufunga nyaya.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mikono iko ya kutosha katika chumba hiki. Sasa tunafungua mabisho, kiisha tutapiga kura juu ya mambo mawili: vyombo kuwa vya chama, na jina la mwanachama wa usiku unaokuja. Majina matatu yameletwa, yote yana haki. Tuyasikilize kwa utulivu, na aliye na neno anyooshe mkono.